Kochi Lililopima Njia ya Shangazi

Sogea karibu, msikilizaji wangu, na kama kuna kiti vuta ukae, maana nataka kukueleza habari ya kukata kiwanja, na ukiisikiliza umesimama utachoka kabla sijafika kwenye kochi. Usiogope. Najua watu wakisikia neno sheria husinzia, na wakisikia neno ardhi hukunja uso. Mimi nimefundisha darasa la nne kule Mpitimbi miaka mingi, na sijaona jambo ambalo halieleweki likielezwa polepole. Tena hii ni habari ya furaha. Nikiikumbuka nikiwa jikoni nacheka peke yangu mpaka uji unafurika.

Kiwanja chenyewe kiko Lizaboni. Kilikuwa cha babu, na babu aliwaachia watoto wake wawili, baba yangu na shangazi. Baba alipofariki, sehemu yake tukabaki nayo sisi wawili, kaka yangu na mimi. Kwa hiyo wenyewe tulikuwa watatu. Sasa chora kichwani kitu kirefu, kama ukanda wa ngozi uliotandikwa chini, ncha moja ikigusa barabara. Mbele, barabarani, alikaa kaka. Katikati nilikaa mimi na mparachichi wangu. Nyuma kabisa, mwisho wa ukanda, alikaa shangazi, kwenye vyumba viwili alivyojijengea mwenyewe, na cherehani yake barazani.

Watatu, nyumba tatu, lakini kiwanja kimoja na karatasi moja, yenye jina la babu ambaye tumekwisha kumzika.

Hapo ndipo palipokuwa panamuuma shangazi. Hakuolewa, hakuzaa. Yeye ndiye aliyemwogesha babu alipokuwa hawezi kunyanyuka, na bibi baada yake. Alijenga kwa nguo za shule alizoshona, sare kwa sare. Lakini mtu akimuuliza hapa ni pa nani, hakuwa na cha kumwonyesha. Alikuwa akisema, "Nyumba yangu ina ukuta, ina bati, ina mlango. Haina mwenyewe." Alisema huku anacheka, lakini mgeni aliyevaa vizuri akisimama barabarani na kuangalia ndani, cherehani ilinyamaza mpaka mgeni apite. Alitaka kitu kimoja tu duniani: karatasi yenye jina lake.

"Si mkate tu?" utasema. Tulitaka kukata. Tulikwenda mpaka ofisi ya ardhi, tukakaa kwenye benchi, tukapokewa vizuri, tukaelezwa kwamba haiwezekani. Kanuni za wakati ule ziliweka ukubwa wa chini wa kiwanja, na chetu kikikatwa mara tatu kila kipande kingekuwa chini ya hapo. Mnaweza kugawana kwa maneno, tukaambiwa, lakini karatasi itabaki moja.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa, na shangazi ndiye aliyeniwekea sawa. Alitandika kitenge mezani, akapitisha mkono juu yake.

"Mwalimu," akaniambia, maana hata yeye huniita hivyo, "hawa wanasema kitambaa kisikatwe kama hakitoshi gauni. Sawa. Gauni ni zuri. Lakini mimi nataka blauzi. Mwenye kitambaa cha blauzi atembee uchi?"

Basi ndivyo ilivyokuwa, msikilizaji wangu. Sheria ilikuwa inashona magauni tu. Tukakaa hivyo. Kaka akawa anasema bora kiuzwe chote kila mtu achukue chake, na kila aliposema hivyo shangazi alikosea mshono.

Halafu ikaja siku ya mkutano wa mtaa. Afisa wa mipango miji alisimama mbele yetu, akakohoa, akasema kanuni zimebadilishwa. Kwenye maeneo ambayo watu wameshajenga, kama kwetu, ukubwa wa chini wa kiwanja umepunguzwa, na familia zinaweza kuomba kugawa viwanja vyao.

Hakumaliza. Shangazi alipiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka mtaa wa Mfaranyaki.

"Blauzi imeruhusiwa!" akapiga kelele.

Watu wote wakamgeukia. Afisa akamtazama, akatazama karatasi yake, kama anatafuta mahali palipoandikwa blauzi.

"Mama, subiri kidogo," akasema. "Kuna masharti."

Masharti ni haya, na nakuomba uyashike kwa sababu ndiyo yatakayotuletea vituko. La kwanza, kila kipande kisipungue kipimo kipya. La pili, kila kipande kiguse barabara au kiwe na njia yake ya kufika barabarani, na njia hiyo iwe na upana wa kutosha. Mtu asifungiwe nyuma kama ndama. La tatu, majirani mnaopakana nao waje siku ya kupima, waone mipaka, na wasaini kwamba hawana pingamizi. Likiwepo pingamizi, mpima anafunga vifaa vyake anaondoka, na nyie mnaanza upya. Umeyashika? Safi sana. Twende.

Majuma yaliyofuata Lizaboni ilirukwa na akili. Kila uani palikuwa na kamba. Watu walipima kwa kamba za katani, kwa waya, kwa mikanda, kwa kanga zilizofungwa ncha kwa ncha. Mume na mke wa nyumba ya tatu walipima kiwanja chao huku wanapokezana kuhesabu, akasahau huyu, akasahau yule, wakaanza tena, na sisi tukawa tunakaa ukutani kuwashangilia kama mpira. Mzee mmoja alipima kwa kamba ya manila, asubuhi ameivuta ikakaza, mchana hakuivuta, akatangaza mtaani kwamba jirani yake amemwibia ardhi wakati yeye anakula ugali. Ilibidi nimwitie shangazi. Shangazi alimvutia ile kamba, akaiachia, akaivuta, akaiachia, mpaka mzee akaanza kucheka mwenyewe na kwenda kumwomba jirani radhi.

Sisi tuliandika maombi, tukapangiwa mpima aje Jumatatu. Jumamosi kaka akakata mianzi, akachonga vigingi, akaanza kuvipigilia.

Kaka si mtu mbaya. Nakuambia mapema usije ukamchukia. Ila alikuwa na ndoto ya fremu mbili za duka pale mbele, na mtu mwenye ndoto ya fremu huwa hapendi njia. Alipigilia vigingi vya njia ya shangazi karibu karibu, kuanzia barabarani, kupita ubavuni kwake, kupita kwangu, mpaka nyuma. Alipomaliza akajipangusa mikono.

"Tayari. Bodaboda inapita."

Shangazi akaja na tepu yake ya kupimia nguo shingoni. Hakupima. Aliingia tu kati ya vigingi, akasimama.

"Inapita, baba," akasema. Yeye humwita kaka hivyo, baba, kwa heshima ya ndugu yake. "Mimi nikienda ubavu, napita."

"Shangazi, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu, mteja wangu akiwa mnene nimshonee barabarani?"

Nikaingia na mimi na ualimu wangu. Nikamweleza kaka kwamba mpima hatakubali, kwamba njia ikikataliwa kipande cha nyuma kinakosa sifa, na kipande cha nyuma kikikosa sifa maombi yote yanarudi, na chake kikiwemo. Nilieleza vizuri sana. Nilichora chini kwa kijiti. Kaka akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, bodaboda inapita," akaenda kuoga.

Usiku ule shangazi hakushona.

Sasa nikuletee jirani yetu. Ni mama mmoja Mhehe, mkubwa wa mwili na wa sauti, uzio wake unapakana na njia ile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sisi ni Wangoni, na wewe unajua Mngoni na Mhehe walivyo. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, walipochoka wakatuachia utani, na huyu mama alikuwa anaufanya kama kazi ya serikali. Siku ya kumzika baba alishuka kaburini akalala, akasema hatoki mpaka apewe kuku, na hakutoka mpaka tukampa. Tulilia tukicheka. Ndiyo kazi ya mtani. Anaweza kukuchukulia kitu chako mbele ya macho yako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na faini inaongezeka.

Jumapili tunarudi kutoka misa, tukamkuta uani kwetu. Alikuwa amekalia kitu, kanga imekifunika.

"Mgonili, Wangoni!" akatuamkia, kwa Kingoni cha kutubeza.

"Tigonili, mla mbwa," kaka akajibu kwa tusi la utani. "Umekalia nini?"

"Kuni."

Kaka akaangalia njia. Hapakuwa na kigingi hata kimoja. Matundu tu.

"Mtani, hivyo ni vigingi vyangu."

"Mimi nimeona mikuki," akasema. "Nimeamka asubuhi nakuta Wangoni wamepanga mikuki mpakani kwangu, safu mbili. Nikasema eti leo vita vimeanza tena na mimi sijanywa hata chai? Nimewanyang'anya silaha. Jioni napikia maharage."

Kaka akayatazama matundu tena. Shavu lilimcheza. Kesho yake mpima anakuja, na vigingi viko chini ya Mhehe. Lakini nimekwambia, kukasirika hairuhusiwi.

"Unataka nini?" akauliza, anatabasamu kwa shida.

"Nataka kubebwa."

"Kubebwa?"

"Kama mateka wa heshima. Mtoe lile kochi la shangazi yenu, mniweke, mnibebe kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani. Wewe upande huu, mwalimu upande huo. Hapo nitarudisha mikuki."

Kochi la shangazi ulione. La mbao za mninga, mikono mipana, wateja hukalia wakisubiri nguo. Hata likiwa tupu ni mzigo. Shangazi alilitoa mwenyewe, upesi kuliko nilivyowahi kumwona akitembea, akalipangusa, akaweka na kitambaa cha kufuma. Mtani akaketi. Akanyoosha mgongo. Akatuambia tusimchafue.

Tukanyanyua.

Msikilizaji wangu, nimebeba maji, nimebeba kuni, nimebeba madawati. Sijawahi kubeba kicheko kizito namna ile. Kochi linayumba, mtani anapunga mkono hewani, shangazi anatutangulia kinyumenyume huku ananengua lizombe, ngoma ya kwetu, na majirani wameshatoka. Tulikuwa tukipita kwa kujipanga pande zote mbili za kochi, kaka upande wa nyumba, mimi upande wa uzio wa michongoma.

"Sogea huko!" kaka akanipigia kelele. "Nagusa ukuta!"

"Nisogee wapi? Nachomwa na miiba!"

"Kwani bodaboda haipiti?" mtani akauliza huko juu.

Tulifika kwenye ile nafasi ya fremu. Matundu ya vigingi yalikuwa yanaonekana bado, na kaka alikuwa nje yake kabisa, anatembea ndani ya fremu zake mwenyewe, kiwiko kimetokeza. Nadhani ndipo alipoliona. Alitazama tundu, akatazama miguu yake, akaanza kucheka. Na kicheko kikikushika umebeba Mhehe, hakuna namna. Alicheka mpaka kochi likashuka upande wake, mtani akateremka taratibu kama gunia la mahindi, akatua chini amekaa, bado anapunga mkono.

"Chukueni mikuki yenu," akasema pale pale chini.

Kaka na mtani wakaenda uani, wakarudi na vigingi. Kaka alivipigilia mwenyewe, safari hii kila kimoja nje ya kiwiko chake. Mimi nikatoa kidogo upande wa mparachichi wangu ili vipande vilingane na kipimo. Shangazi alitandaza tepu yake ya nguo kutoka kigingi hadi kigingi, akaiinua, akaitandaza tena. Jioni cherehani ililia mpaka tukalala.

Ungedhani imekwisha. Hata mimi nilidhani.

Jumatatu mpima akaja. Kijana mpole, ndiyo kwanza amehamia kutoka Kanda ya Ziwa, shati limenyooka. "Shikamooni," akasema, tukamwitikia marahaba, akasimika kifaa chake cha miguu mitatu. Akapima mbele, sawa. Akapima kwangu, sawa. Akapima njia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema njia nzuri, nani aliipanga? Tukatazamana. Akapima nyuma, sawa. Wasaidizi wake wakachimbia mawe ya mpaka. Likabaki jiwe moja, la kona ya shangazi, na saini za majirani.

Akamgeukia yule mama. "Mama, wewe unapakana na njia yote hii. Una pingamizi?"

Sisi tulikuwa tumesimama tunatabasamu kama watu wa kwenye picha.

"Ninalo," akasema mtani.

Mpima akainua kichwa.

"Ardhi hii ni ya babu yangu," akasema, mikono kiunoni. "Wangoni walimnyang'anya. Sisaini."

Nasi tukaangua kicheko, ndiyo jibu la utani. Tulicheka peke yetu. Mpima hakucheka. Aliinama, akalegeza mguu wa kwanza wa kifaa chake. Akalegeza wa pili.

"Mwanangu, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nafunga, mama. Kuna pingamizi la ardhi."

"Ni utani!" tukapiga kelele wote. "Ni mtani wetu!"

"Utani naujua, hata kwetu upo," akasema kwa upole kabisa. "Lakini kwetu haujafika kwenye upimaji. Nimemuuliza mbele ya watu, amesema analo. Siwezi kujifanya sikusikia. Aseme mwenyewe kwamba analiondoa."

Tukamgeukia mtani. Na hapo, msikilizaji wangu, nikaona jambo ambalo sijaliona tena: mtani ameshtuka. Alitaka kulirudisha neno, nilimwona. Lakini mtani hawezi kulirudisha neno bure. Akilirudisha bure, utani wa babu na bibi wote unakuwa upuuzi, na hata kaburini alilala bure. Alitutazama kama mtu aliyepanda juu ya mti na ngazi ikaanguka.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ile kona, pembeni ya shimo la jiwe lake. Alikuwa ameshika ncha mbili za tepu yake.

Kaka akamwona.

"Kuku!" akasema kaka. "Mtani anadai kuku! Nani ana kuku?"

Yeye ndiye aliyekuwa na kuku. Alikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mrefu, mwenye maringo, ambaye alimsifu kwa wageni kabla ya kuwasifu watoto wake. Alitoka mbio kwenda kumkamata. Jogoo akatoka mbio zaidi, akaingia kwenye njia ya shangazi. Kaka akamfuata na mikono ameitanua. Jogoo akaenda kushoto, kaka kushoto. Jogoo akapita kulia, nafasi tele. Wakaenda hadi nyuma, wakarudi hadi barabarani, wakaenda tena.

"Njia hii mmeipanua mno!" kaka akafoka huku anahema.

Mpima, na kifaa chake kimesimama kwa mguu mmoja uliobaki umekazwa, alianza kutetemeka mabega. Halafu akaachia kicheko ambacho hakikufanana kabisa na shati lake. Aliacha vyote, akaenda kuziba njia upande wa barabara. Kaka akaja upande wa nyuma. Jogoo akaruka, kaka akaruka, wakaanguka pamoja kwenye michongoma.

Akatoka amechubuka pua, jogoo kwapani. Akamkabidhi mtani kwa mikono miwili.

"Babu yako apumzike," akasema. "Yule kule ni shangazi yangu. Anataka kwake."

Mtani akampokea jogoo, akampima uzito, akaguna. Akamtazama mpima, akasema kwa sauti ya mahakamani, "Naondoa pingamizi. Nimewasamehe Wangoni. Kwa leo." Akasaini huku jogoo anamdonoa kiwiko.

Jiwe la mwisho likaingia. Mpima akamuuliza shangazi, "Kipande hiki tuandike jina gani, mama?" Shangazi akasimama wima kama mtoto anayeitikia mahudhurio, akataja majina yake matatu, moja moja, pole pole, ili asikosee hata herufi. Halafu akaomba asomewe. Akasomewa. Akaomba tena.

Ilichukua muda mpaka karatasi zikatoka, maana zina safari zake. Lakini zilitoka, tatu. Ya shangazi iko ndani ya kava la nailoni, kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, na mteja yeyote anayekaa kwenye kochi huonyeshwa kabla hajapimwa. Mgeni aliyevaa vizuri akisimama barabarani siku hizi, humkaribisha ndani. Kaka alijenga fremu moja badala ya mbili, akaitoboa dirisha upande wa njia, na wateja wa shangazi hununua soda hapo. Jogoo anaishi kwa mtani. Bado hajaliwa. Kila alfajiri anawika upande wa pili wa uzio, na kaka husema, "Msikie. Anatutukana kwa Kihehe."

Sasa na wewe, kama mnataka kugawa kiwanja chenu, fanya hivi. Kabla ya kupigilia kigingi chochote, toa kochi kubwa kuliko yote ndani ya nyumba, mkalishe juu yake mtu mzito, mbebeni mkiwa watu wawili kutoka mlango wa nyuma kabisa mpaka barabarani, na kila mahali kiwiko kinapogusa, sogeza mpaka.